Fahamu: Kwa nini tangawizi ya milimani yahitaji mboji na mbolea ya viwandani pamoja

Katika miinuko ya Upare, wilayani Same, ambako tangawizi ya Mamba Myamba imewapa wakulima wengi riziki, mvua zinyeshazo miteremkoni huchukua udongo wa juu pamoja na rutuba yake, hata shamba lililokuwa na neema likadhoofika.

Zao hili hukaa ardhini miezi 8 hadi 10, nalo huhitaji sana naitrojeni na potasiamu. Mbolea ya viwandani huvileta virutubisho hivyo kwa haraka, lakini katika udongo uliochakaa aghalabu huoshwa na mvua kabla mizizi haijaifaidi; mboji, yaani samadi, majani na mabaki ya mazao yaliyooza barabara, huvishika, huhifadhi unyevu, na huulainisha udongo ili tangawizi inenepe pasi na kubanwa.

Basi sharti mboji ichanganywe na udongo wa tuta kabla ya kupanda, kisha mbolea ya naitrojeni itiwe kwa awamu wakati wa palizi, kando ya shina, ardhi ikiwa na unyevu. Matuta yakinge mteremko bila kutuamisha maji, kwani maji yaliyotuama huiozesha tangawizi. Udongo huu ni amana, na kuulisha ni wajibu wetu kwa watakaourithi.