Kompyuta ya komiti ikiganda: tutafute chanzo, tusishukiane

Tangu mafuriko ya mto Mulongwe mwezi wa Aprili 2020, watu wa Uvira na Kalundu wanajua vizuri uzito wa orodha. Jina likiwamo, familia inatarajia turubai na sabuni. Likikosekana, inarudi mikono mitupu. Mahali ambapo orodha hiyo inatunzwa ndani ya kompyuta moja ya mezani, mashine ikiganda au kuzimika ghafla, majina yanaweza kupotea. Hapo maneno yanaanza: «Wametufuta kwa sababu ya kabila letu.» Kwa hiyo kutafuta ugonjwa wa kompyuta ni sehemu ya kulinda amani.

Kabla ya yote

Mashine ikiwa bado inawaka, nakilini orodha kwenye flashi mbili. Chapeni nakala moja kwa karatasi, wawakilishi wa pande zote waitie sahihi. Kisha fungueni daftari: kila mashine inapoganda, andikeni siku, saa, kazi iliyokuwa ikifanyika, na kama umeme ulikuwa wa SNEL au wa jenereta. Skrini ikigeuka ya buluu, nakilini maandishi yake. Baada ya wiki moja, daftari litaonyesha njia.

Chanzo kiko wapi?

1. *Joto.* Kama inazimika baada ya kufanya kazi muda fulani, hasa mchana, shukuni vumbi. Prosesa ikikaribia digrii 100 hujizima yenyewe ili isiungue. Zimeni, chomoeni waya, fungueni ubavu wa sanduku, mtoe vumbi kwa brashi laini na kavu. Shikeni feni isizunguke mnapopuliza. Wekeni mashine mbali na ukuta na jua.

2. *Umeme.* Kama inazimika taa zikififia au jenereta ikinguruma vibaya, tatizo ni umeme usiofika volti 220 sawasawa. Stabilaiza husaidia, betri ya akiba (UPS) husaidia zaidi, kwa kuwa inawapa dakika chache za kuhifadhi kazi. Kisanduku cha umeme kilicho ndani ya kompyuta kinaweza pia kuwa kimechoka. Msikifungue hata kidogo: kinabaki na umeme hata waya ukichomolewa.

3. *Memori.* Kama inaganda bila mpango wowote, mara asubuhi, mara jioni, mashine ikiwa baridi au moto, chomoeni waya, gusa kwanza chuma cha sanduku, kisha toa vipande vya memori. Futa meno yake taratibu kwa kifutio cha penseli, pangusa mabaki, rudisha mpaka vikaze. Vikiwa viwili, jaribuni kimoja kimoja. Kompyuta ikitulia na kimoja tu, mmekwisha kumpata mgonjwa.

4. *Diski.* Ikigonga kama saa ya ukutani, au faili zikichelewa sana kufunguka, msiendelee kujaribu. Nakilini kilichobaki, mbadilishe diski.

5. *Virusi.* Flashi inayozunguka kutoka ofisi hadi ofisi hubeba virusi. Ipimeni kwa programu ya kinga kabla ya kuifungua.

Badilisheni kitu kimoja kwa wakati mmoja, mkingoje siku mbili au tatu. Mkibadilisha vitu vitatu pamoja, hamtajua kipi kilikuwa kibovu, na fedha za komiti zitakwenda bure.

Fundi na siri za watu

Orodha inayoonyesha jina, kijiji cha asili na mahali familia inapolala ni hatari ikiangukia mikono mibaya. Fundi akichukua mashine, diski ibaki ofisini. Ikibidi afanye kazi na diski, afanye mbele ya watu wawili wa komiti. Flashi za nakala zifungiwe mahali pawili tofauti, kwa watu wanaoaminiwa na pande zote.

Kuwaambia watu ukweli

Orodha ikipotea, viongozi waite kikao siku hiyohiyo. Waonyeshe daftari, waeleze ni saa ngapi mashine ilizimika, kisha wasome majina kutoka karatasi yenye sahihi. Asiyejisikia aandikwe hapohapo, mbele ya wote, ili jina lake lihakikiwe. Uvumi hukua mahali ambapo wakubwa wamenyamaza. Daftari la franka chache na karatasi yenye sahihi vinaweza kuzuia ugomvi ambao hata kompyuta mpya isingeuzuia.