Tumaini Lililoegemea Tete

Ikinga imo wilayani Ileje, katika Mkoa wa Songwe, jirani na mpaka wa Malawi. Sehemu kubwa ya mpaka huo ni Mto Songwe, mto wenye desturi ya kuhama mkondo wakati wa mafuriko, hata shamba la mtu likajikuta limebaki ng'ambo. Ndugu zetu wa visiwani, ambao mpaka wao ni bahari, pengine hawaijui adha hiyo. Lakini ng'ambo ya mto huo lilitukia jambo linalotuhusu sote, wa bara na wa visiwani, nalo ni hatari ya kuutumainia unabii wa tarehe.

Mwaka 1908 Elliot Kamwana, mwenyeji wa mwambao wa Ziwa Nyasa aliyesoma katika shule za Wamisioni wa Kiskoti, alirudi kwao kutoka Afrika Kusini. Alihubiri kwamba ifikapo Oktoba 1914 Mungu ataihukumu dunia, utawala wa Waingereza utakoma, na kodi itafutwa. Watu wapatao elfu kumi walibatizwa kwa miezi michache. Serikali ilimwondoa nchini mwaka 1909, na baadaye akahamishiwa Morisi na Shelisheli, asirejee hadi mwaka 1937.

Mwaka 1914 ulipowadia, kilichovuka Mto Songwe kilikuwa jeshi la Wajerumani. Tarehe 9 Septemba lilishambulia Karonga, likarudishwa nyuma. Oktoba ikapita. Kodi ikabaki, na juu yake ukaongezeka mzigo wa upagazi wa vita, ambao uliwaua maelfu ya watu.

Wahenga wa Kiebrania waliijua hali hiyo. Katika mwaka wa nne wa Mfalme Sedekia, Hanania aliivunja mbele ya watu nira ya mti aliyoivaa Yeremia shingoni, akatangaza kwamba nguvu ya Babeli itavunjika katika muda wa miaka miwili. Habari hiyo ilipendeza masikio. Hata hivyo, Yerusalemu uliteketezwa yapata mwaka 586 K.K. Yeremia alikuwa amekwisha kuwaonya wasiitegemee nyumba ya ibada kama ngome, ilhali mgeni, yatima na mjane wanaonewa. Kabla yake, Isaya aliwakemea wakuu waliotumainia farasi wa Misri. Na Misri ikafananishwa na fimbo ya tete, ambayo mtu akiiegemea humchoma mkono.

Ni dhahiri, basi, kwamba hukumu waliyoihubiri manabii hao haikuwa kitendawili cha kuhesabia siku. Ilikuwa hesabu ya matendo, na wa kwanza kuulizwa walikuwa wafalme, waamuzi na makuhani.

Funzo hilo halijachakaa. Tarehe 17 Machi 2000, huko Kanungu, Uganda, mamia ya waumini waliteketea kanisani, baada ya kuambiwa kwamba dunia ingekoma na mwaka kupita bila tukio. Mwaka 2023, katika msitu wa Shakahola, Kilifi, nchini Kenya, ilifukuliwa miili zaidi ya 400, mingi ikiwa na dalili za njaa.

Yafaa viongozi wetu wazingatie kwamba watu wa Kamwana hawakuwa wapumbavu. Walilemewa na kodi, na shule ziliwadai ada wasiyoimudu. Aliyewaahidi nafuu walimsikiliza. Kumhamisha mhubiri hakukuondoa kilio hicho. Vivyo hivyo leo, afisa anayedhani amri ya kufunga nyumba ya ibada inatosha, ilhali zahanati haina dawa na haki ya ardhi inachelewa barazani, naye ameegemea tete. Sheria na itumike dhidi ya wanaohatarisha maisha, lakini kero zisikilizwe mapema.

Nasi wananchi tunayo kazi yetu. Mhubiri akitutajia siku ya mwisho, tumwulize kwanza habari za mjane na yatima wa mtaani kwake, na ni nani anayewalisha.