Aamkaye Mapema na Alale Mapema

Tangu zamani mtu aamkaye mapema amesifiwa katika nchi yetu. Mkulima hupenda kushika jembe kabla jua halijawa kali, na mwenye duka ajua vyema kwamba biashara ni asubuhi, jioni ni mahesabu. Sifa hiyo ni ya haki. Saa za alfajiri zina utulivu, hewa ni safi, na akili iliyopumzika hufanya kwa saa moja kazi ambayo mchana ingechukua saa mbili.

Lakini yafaa tuangalie neno hilo la “akili iliyopumzika”, kwa maana hapo ndipo watu wengi wa siku hizi wapoteapo njia. Katika miji yetu mikubwa wako wajivunao kwamba huamka saa kumi ya usiku kila siku, ilhali walikwenda kulala saa sita. Wengine hawana hiari: wakaao Kitengela, Thika au Ngong na kufanya kazi Nairobi hutoka nyumbani gizani ili wasizuiwe na msongamano wa magari. Utawaona ndani ya matatu, vichwa vimeegemea dirisha, wakisinzia mpaka mwisho wa safari. Mtu wa namna hiyo hakuipata asubuhi; ameuibia usiku tu, na usiku nao hudai deni lake. Karani mwenye usingizi huandika tarakimu moja mahali pa nyingine, na dereva mwenye usingizi huweza kuua abiria wake wote.

Mwaka 2015 vyama viwili vya wataalamu wa usingizi huko Marekani vilitoa shauri kwamba mtu mzima alale saa 7 au zaidi kila usiku. Walieleza kwamba kulala pungufu ya hapo siku zote huandamana na shinikizo la damu, kisukari, maradhi ya moyo na ajali nyingi zaidi. Basi na tufanye hesabu nyepesi. Atakaye kuamka saa kumi na moja alfajiri lazima awe amekwisha kulala saa nne ya usiku. Akikaa mbele ya televisheni au simu mpaka saa sita, amebakiwa na saa 5 tu. Katika siku tano za kazi atakuwa amepoteza saa 10, nazo ni zaidi ya usiku mzima wa usingizi.

Atakaye mfano wa watu wafanyao bidii na kupumzika kwa kipimo hana haja ya kwenda mbali. Huko Kaptagat, katika nyanda za juu za Bonde la Ufa, imo kambi ya wakimbiaji ambamo Bwana Eliud Kipchoge alifanya mazoezi kwa miaka mingi chini ya mwalimu wake, Bwana Patrick Sang. Wakimbiaji wa huko huamka kungali na giza, na jua likichomoza wako barabarani. Watu wengi husimulia habari hiyo, kisha wakaishia hapo. Lakini baada ya mazoezi wakimbiaji hao hula, hulala tena mchana, na usiku huingia kitandani mapema. Kupumzika kwao kumo katika ratiba ya kazi. Ni katika maisha ya namna hiyo Bwana Kipchoge alipata nguvu za kukimbia marathoni ya Berlin mwaka 2022 kwa saa 2, dakika 1 na sekunde 9, muda ambao siku ile ulikuwa rekodi ya dunia.

Watoto nao wasisahauliwe. Kanuni za elimu ya msingi zilizotolewa nchini Kenya mwaka 2015 ziliweka masomo ya darasani yaanze saa mbili asubuhi na kwisha saa tisa na nusu alasiri. Mtoto aliyeamshwa saa kumi ili awahi gari la shule atafika darasani, lakini sikio lake litakuwa limelala. Mzazi asishangae basi iwapo alama zake zinashuka.

Na nyumbani kwetu kuna mmoja ambaye mara nyingi huwa wa kwanza kuamka na wa mwisho kulala, naye ni mama wa nyumba. Ndiye awashaye moto, achemshaye chai na kuwaogesha watoto, na usiku ndiye aoshaye vyombo wengine wakiwa wamejinyoosha. Bwana asifuye kuamka mapema na amwondolee mkewe sehemu ya kazi hiyo. Kuteka maji jioni, kupiga pasi nguo za shule na kupanga vitabu usiku uliotangulia ni kazi ndogo, lakini humrudishia mama nusu saa ya usingizi.

Waajiri pia wana sehemu yao. Shirika la Afya Duniani na Shirika la Kazi Duniani walitangaza mwaka 2021 kwamba mtu afanyaye kazi saa 55 au zaidi kwa juma ana hatari ya kupatwa na kiharusi iliyo kubwa kwa asilimia 35 kuliko afanyaye saa 35 hadi 40. Wahenga walisema kwamba mchumia juani hulia kivulini. Hawakusema kwamba kivuli ni cha wavivu.

Kwa desturi ya kale ya Waswahili wa pwani, siku huanza jua litwapo, hata usiku unaotangulia mchana wa Ijumaa huitwa usiku wa Ijumaa. Desturi hiyo ina hekima. Ndugu msomaji, utakapo kuianza kesho vizuri, ianze leo magharibi: kula mapema, weka simu mbali, zima taa, ulale.