Nishani Isiyo na Jina

Wapo watu duniani wanaokusanya nishani na beji za vita kama wengine wanavyokusanya stempu. Watu hao huchunguza mambo ambayo wewe nami, msomaji, tungeyapita tu: rangi za utepe, aina ya madini na, zaidi ya yote, maandishi yaliyochongwa ukingoni. Kwao, nishani mbili zilizotoka katika kalibu moja hazilingani iwapo moja ina jina la mwenyewe na nyingine haina. Naona sisi wa nchi ya chai, Kericho na Bomet, tuna sababu kubwa kuwashinda ya kuutazama ukingo huo.

Vijana wengi wa Kipsigis waliingia Keya, jeshi ambalo Waingereza waliliunda mwaka 1902 kwa jina la King's African Rifles. Mwaka 1941 Keya ilipigana na Waitaliano huko Ethiopia. Mwaka 1944 Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, ambayo beji yake ilikuwa kichwa cha kifaru, ilipenya bonde la Kabaw nchini Burma katika mvua na matope, na mwezi wa Desemba ikavuka mto Chindwin. Wengine hawakuiona Burma. Tarehe 12 Februari mwaka huo, nyambizi ya Japani iliizamisha meli ya Khedive Ismail iliyokuwa ikitoka Mombasa kwenda Colombo. Walikufa watu wapatao 1,300, wakiwemo mamia ya wapiga mizinga wa Afrika Mashariki.

Walionusurika vita hivyo walistahili Nyota ya Burma. Ni nyota ya ncha sita, yenye utepe wa buluu iliyokoza, mstari mwekundu katikati na michirizi miwili ya rangi ya machungwa. Nimeonyeshwa nyota za aina hii katika nyumba kati ya Litein na Sotik, zimefungwa kitambaani pamoja na hati za shamba. Igeuze upendavyo, hutaona jina. Australia na Afrika Kusini ziliwachongea askari wao majina. Uingereza haikufanya hivyo. Ni kweli kwamba hata askari Mwingereza hakuchongewa. Lakini kwao zilibaki barua, picha na vitabu. Kwetu, mara nyingi, kilichobaki ni kile kipande cha madini na kumbukumbu ya mama mmoja mzee.

Sasa linganisha na nishani nyingine, ya fedha, yenye kipande kilichoandikwa "Kenya". Hii walipewa walioitumikia serikali ya kikoloni dhidi ya Mau Mau kati ya 1952 na 1956. Ukingoni mwake mna nambari, cheo, jina na kikosi. Basi aliyevuka Chindwin hakuandikwa, na aliyetumwa kupigana na Wakenya wenzake aliandikwa kwa chuma kisichofutika. Huenda wote wawili ni mtu mmoja. Mwalimu wa historia asiifiche nishani hiyo ya pili kwa haya, wala asiitukuze ya kwanza kwa fahari. Zote mbili ni ushahidi, na ushahidi hausemi usipoulizwa.

Hatari iliyopo ni kwamba nyota hizi zinauzwa. Mjukuu mwenye shida ya karo huipeleka kwa mnunuzi, naye mnunuzi humlipa kidogo, kwa kuwa nyota isiyo na jina imejaa tele sokoni. Ikishavuka mlango wa nyumba ile, inakuwa nyota ya mtu yeyote, yaani si ya mtu. Jina lililokuwa likiifuata kwa mdomo halisafiri nayo.

Kwa hiyo nawaomba walimu jambo dogo. Wapeni wanafunzi kazi ya likizo: kila mmoja aulize kwao kama ipo nishani, aandike rangi za utepe, anakili maandishi ya ukingoni, kisha aandike nani aliivaa, alitoka kijiji gani, alikwenda wapi na ni nani anayeyasimulia hayo. Nakala moja ibaki nyumbani na nyingine shuleni. Waliopigana wamekwisha karibu wote. Watoto wao nao sasa ni wazee. Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari. Daftari la mwanafunzi linagharimu shilingi chache, nalo laweza kuandika kile ambacho Uingereza haikukichonga.