Shahada Isiwe Ngazi ya Kuikimbia Shule ya Msingi

Mwalimu wa shule ya msingi anapohitimu chuo kikuu, aghalabu pongezi anazopewa huandamana na swali moja: sasa utahamia lini shule ya sekondari? Swali hilo huulizwa kwa nia njema na majirani, jamaa na hata walimu wenzake. Wanaoliuliza hawakusudii kumvunjia mtu heshima. Hata hivyo, ndani yake mna dharau kubwa kwa mtoto wa darasa la kwanza, kwa kuwa linachukulia kwamba mtoto huyo hastahili kufundishwa na msomi.

Makala haya yanakusudia kulipinga swali hilo. Shahada ya ualimu ni jambo jema, na kila mwalimu anayeitafuta anastahili kusaidiwa. Lililo baya ni kuigeuza shahada hiyo kuwa pasi ya kutokea katika shule ya msingi. Wahenga walisema samaki mkunje angali mbichi. Ajabu ni kwamba sisi tumewapeleka mafundi wetu mahali ambapo samaki amekwisha kukauka.

Fikira hii haikuanza jana. Nchi ilipopata uhuru, Tume ya Ominde, iliyotoa ripoti yake mwaka 1964, ilikuta kwamba walimu wengi wa shule za msingi hawakuwa wamepata mafunzo yoyote ya ualimu. Waliokuwa wamefunzwa walipangwa kwa vyeti, P3, P2 na P1, kama nafaka ipangwavyo kwa magunia. Aliyetaka kufundisha sekondari bila kupitia chuo kikuu alisomea S1. Chuo kikuu chenyewe kilikuwa mlango wa wachache, na hao wachache walitakiwa na shule za sekondari zilizokuwa zikichipuka kila mahali, zikiwemo zile za harambee.

Mwaka 1965 kambi ya kijeshi ya Templer iliyokuwa Kahawa iligeuzwa kuwa Chuo cha Kenyatta. Mwaka 1970 kikawa chuo kishirikishi cha Chuo Kikuu cha Nairobi, na mwaka 1985 kikawa chuo kikuu kamili. Chuo Kikuu cha Moi kilikuwa kimeanzishwa mwaka uliotangulia, 1984, na Egerton kikafuata mwaka 1987. Vyuo hivi vimeitendea nchi kazi isiyosahaulika. Mfumo wa 8-4-4 ulipoanza mwaka 1985 na Kiswahili kikawa somo la lazima la kutahiniwa, walimu wa lugha hii wangetoka wapi kama si katika vyuo hivi? Lakini Shahada ya Ualimu waliyopewa wengi wao ilikuwa ya kufundisha masomo mawili katika shule ya sekondari. Mwalimu wa watoto wadogo aliachiwa chuo cha ualimu na miaka yake miwili ya cheti.

Kutokana na mgawanyo huo pakazuka desturi ambayo sasa imekuwa kama sheria: shahada ni ya sekondari, cheti ni cha msingi. Mishahara nayo ikaipigia muhuri. Kwa miaka mingi mwalimu wa P1 aliajiriwa katika daraja la G, na mwenye shahada katika daraja la K. Baada ya makubaliano yaliyotiwa saini mwaka 2016 kati ya Tume ya Kuajiri Walimu, TSC, na vyama vya walimu, madaraja yalibadilishwa majina. Mwalimu wa msingi sasa huanzia B5, na mwenye shahada wa sekondari huanzia C2. Herufi zimebadilika, ila umbali baina ya wawili hao ungalipo.

Basi ni nani atakayemlaumu mwalimu wa msingi anayetafuta shahada ili ahame? Mchumia juani hulia kivulini, naye amechuma juani muda mrefu. Tangu mwaka 1986 Chuo Kikuu cha Nairobi kilipoanza kutoa Shahada ya Ualimu kwa masomo ya mbali, na baadaye vyuo vingine vilipofungua milango wakati wa likizo za Aprili, Agosti na Desemba, walimu wengi wamejitolea mhanga. Wapo waliokopa katika chama cha ushirika, wapo waliouza ng'ombe, na wapo waliokosa kuwaona watoto wao likizo nzima kwa sababu ya mihadhara na mitihani. Wamesahihisha madaftari mchana, wakasoma yao usiku. Watu hawa ni wa kuheshimiwa.

Lakini tujiulize walichosomea. Mwalimu aliyekuwa akifundisha watoto wa miaka sita amekaa chuoni miaka minne au mitano akisoma Historia na Kiswahili, au Jiografia na Dini, kwa kiwango cha sekondari. Amejua nadharia za uhakiki na mikondo ya upepo wa bahari. Arudipo darasani kwake Januari, hana jipya la kumfaa mtoto ambaye hajui kutenganisha herufi b na d. Shahada haikumwongezea chochote katika kazi anayoifanya. Ilimtayarisha kwa kazi nyingine, na si ajabu kwamba moyo wake umekwisha kuhamia huko kabla ya mwili.

Hapa ndipo penye kiini cha jambo. Watu wengi hudhani kwamba kufundisha darasa la kwanza ni kazi nyepesi kwa kuwa mambo yanayofundishwa ni mepesi. La hasha! Kujua kusoma ni jambo moja, na kujua jinsi mtu anavyojifunza kusoma ni jambo jingine kabisa. Mtu mzima amesahau njia aliyopitia. Mwalimu wa watoto hutakiwa aijue njia hiyo hatua kwa hatua: jinsi sikio linavyotambua sauti kabla jicho halijaitambua herufi, jinsi silabi zinavyoungana kuwa neno, na jinsi neno linavyopata maana. Hutakiwa ajue kwa nini mtoto anaweza kuimba namba hadi mia moja na bado asijue kwamba saba ni tano na mbili.

Ongeza hapo suala la lugha. Tangu ripoti ya Gachathi ya mwaka 1976, sera yetu imependekeza kwamba watoto wa madarasa ya chini wafundishwe kwa lugha inayotumika katika eneo la shule. Mtoto wa Lodwar huja shuleni na Kiturkana chake, wa Ganze na Kigiriama, wa mtaa wa Nairobi na Kiswahili kilichochanganyika na Sheng. Katika muda wa miaka mitatu mwalimu mmoja anatarajiwa kumpokea mtoto huyo kwa lugha ya kwao, kumfunza Kiswahili, kumfunza Kiingereza, kisha kumwandaa asome masomo mengine yote kwa lugha hiyo ya tatu. Sijui kazi ya kitaaluma iliyo ngumu kuliko hiyo. Kama kuna mahali palipohitaji elimu ya isimu, ya saikolojia ya mtoto na ya upimaji, basi ni hapo. Sisi hapo ndipo tulipopeleka mafunzo mafupi zaidi.

Ukitaka kuona madhara yake, mtazame mwanafunzi aliyefika madarasa ya juu akiwa bado anasoma aya kwa kidole, neno baada ya neno. Mwalimu wa sekondari mwenye shahada humlaumu mwalimu wa msingi, naye wa msingi humlaumu wa chekechea. Na wa chekechea, ambaye tangu ugatuzi wa mwaka 2013 yumo mikononi mwa kaunti, huwa ndiye anayelipwa kidogo kuliko wote. Lawama hushuka ngazi kwa ngazi, lakini fedha na elimu hazishuki pamoja nayo.

Mabadiliko ya miaka ya karibuni yamelizidisha jambo hili. Mnamo Januari 2023 wanafunzi wa kwanza wa mtaala wa umilisi waliingia gredi ya saba, na shule ya sekondari msingi ikawekwa katika ua wa shule ya msingi. Walimu walihitajika kwa haraka. Maelfu waliajiriwa kama wanagenzi kwa shilingi 20,000 kwa mwezi, jambo lililozua mgomo na kesi mahakamani mwaka 2024. Wengine walipatikana kwa njia nyepesi zaidi: walimu wa msingi waliokuwa na shahada walihamishiwa madarasa hayo mapya. Serikali ilipata walimu bila kuajiri, na walimu wakapata kazi inayolingana na karatasi zao. Aliyepoteza ni mtoto wa gredi ya pili, ambaye mwalimu wake mwenye elimu kubwa alivuka ua na kuingia jengo la pili.

Ni haki kutaja kwamba hatua njema zimechukuliwa. Cheti cha P1 kimeachwa, na tangu mwaka 2021 vyuo vya ualimu vimekuwa vikitoa stashahada kwa wanaotaka kufundisha shule za msingi. Mgala muue na haki yake mpe. Vilevile vipo vyuo vikuu vinavyotoa shahada ya elimu ya msingi na ya elimu ya watoto wachanga. Lakini mwenye shahada ya namna hiyo hukuta ngazi ya kupandia cheo katika shule ya msingi ni fupi, na wanaoshauri vijana kuhusu kozi za kuchagua huitaja mwisho, ikiwa wataitaja.

Kuna pia mjadala ulioanzishwa na TSC mwaka 2021, ilipopendekeza kwamba Shahada ya Ualimu iondolewe. Tume ilitaka mtu asome kwanza shahada ya kawaida ya sanaa au sayansi, kisha asomee stashahada ya uzamili ya ualimu. Vyuo vikuu vilipinga. Hoja ya tume ilikuwa kwamba mwalimu anapaswa kulimudu somo lake barabara, na hoja hiyo haipuuziki. Lakini tazama jinsi mjadala wote ulivyomhusu mwalimu wa sekondari. Fizikia isomwe kwanza au ufundishaji usomwe kwanza? Kwa mwalimu wa watoto wadogo swali hilo halina maana, kwa sababu somo lake kuu ni mtoto mwenyewe. Kwake yeye maarifa na ufundishaji ni kama pumzi na uhai. Huwezi kuvitenga ukaweka kimoja mwaka huu na kingine mwaka ujao.

Wapo watakaosema kwamba shahada haimfanyi mtu kuwa mwalimu. Watatutajia walimu wa P1, na hata wa P3, waliowafunza mawaziri na maprofesa wa leo. Ni kweli, na walimu hao hatutawasahau. Lakini kuwako kwa waganga hodari wasio na vyuo hakujatufanya tufunge shule za udaktari. Mwalimu wa zamani alijifunza kwa miaka mingi ya kujaribu na kukosa, na waliolipia makosa hayo ni watoto wa miaka yake ya kwanza. Mafunzo mazuri huifupisha njia hiyo.

Wengine watasema nchi haina fedha. Ufini iliamua kwamba kuanzia mwaka 1979 hata mwalimu wa watoto wadogo awe na shahada ya uzamili. Tunaweza kusema Ufini iko mbali. Jirani zetu wa Uganda wako karibu, na sera yao ya walimu ya mwaka 2019 imeweka shahada kuwa kiwango cha chini kwa walimu wa ngazi zote. Utekelezaji ni safari ndefu, na mzigo wa karo haufai kutupwa mabegani mwa mwalimu peke yake. Hata hivyo, wameshakubali kanuni ambayo sisi bado twaikwepa: kwamba umri wa mwanafunzi si kipimo cha elimu ya mwalimu.

Tufanye nini basi? Kwanza, TSC imlipe mwenye shahada kwa shahada yake popote alipo. Mwalimu aliyesomea elimu ya msingi na akabaki shule ya msingi aanzie daraja lilelile la mwenzake wa sekondari, na apande vyeo bila kulazimika kuwa mwalimu mkuu. Pili, vyuo vikuu viache kuwauzia walimu wa msingi masomo ya sekondari wakati wa likizo. Viwaandalie kozi za usomaji, hisabati ya awali, lugha na mahitaji maalumu, zikifundishwa na wahadhiri ambao wenyewe wamewahi kushika chaki mbele ya watoto wadogo. Tatu, mazoezi ya ualimu yarefushwe. Muhula mmoja na mhadhiri anayefika mara chache kukagua andalio la somo na kuondoka hautoshi. Mwanafunzi akabidhiwe kwa mwalimu mzoefu wa shule ile, na mwalimu huyo apewe muda na malipo kwa kazi ya kumlea.

Kwa wanafunzi wanaojiandaa kuchagua kozi za chuo kikuu, ombi langu ni dogo. Mtakapoambiwa kwamba elimu ya msingi ni kozi ya walioshindwa kwingine, waulizeni wasemao hivyo ni nani aliyewafunza kusoma jina la kozi hiyo.

Na kwa walimu walio likizoni wakisomea shahada zao: someni, na mhitimu. Haki yenu ya kulipwa kulingana na elimu yenu idaini bila haya, kupitia vyama vyenu na mbele ya mwajiri. Lakini idaini mkiwa mmesimama katika mlango wa darasa la kwanza. Mkiidai kutoka huko, nchi italazimika kuwalipa bila kuwaondoa. Mkihama wote, hakuna atakayebaki kumsemea mtoto wa miaka sita, naye hana chama wala hajui kuandika barua kwa mhariri.