Mtoto wetu anaweza kukubaliwa Harvard? Tupime bila kujidanganya

Kila mara matokeo ya Exetat yakitoka, kuna mzazi anayekuja na furaha: "Mchungaji, kijana amepata 74. Chuo kikubwa cha Marekani watamkubali?" Ulizo hili linahitaji jibu la kweli, kwa sababu kuna familia zinazoweza kuuza shamba kwa ajili yake.

Tuanze na hesabu. Mwaka 2023 Harvard ilipata maombi 56,937, ikakubali 1,942. Ni watu 3 au 4 katika kila 100, na wengi waliokataliwa walikuwa na alama za juu sana. Alama nzuri humfikisha mtoto mlangoni tu. Ili kujua nafasi yake mwenyewe, angalieni mambo manne.

Kwanza, je, alama zake zinaeleweka? Kwetu mwenye 50 amefaulu, na 74 ni ya kushangilia. Kule Marekani mwanafunzi bora mara nyingi ana zaidi ya 90. Anayesoma buletini bila maelezo anaweza kufikiri mtoto ni dhaifu. Mwombeni prefe aeleze namna tunavyotoa alama, darasa lilikuwa na wanafunzi wangapi, na huyu alikuwa wa ngapi. Kama vita ilifunga shule au familia ilikimbia, iandikwe pia.

Pili, Kiingereza. Aliyesoma kwa Kifaransa mara nyingi huombwa mtihani kama TOEFL au IELTS. Kama bado hawezi kumaliza kitabu cha Kiingereza, ajifunze kwanza.

Tatu, feza. Vyuo vichache, kama Harvard, Yale, Princeton, MIT na Amherst, havitazami umaskini wa mwombaji wa kigeni wakati wa kuamua, na akikubaliwa vinalipa sehemu ambayo familia haiwezi. Vingine vingi vinatazama: anayeomba msaada mkubwa, nafasi yake inapungua. Ulizeni kabla ya kutuma. Hata ada ya maombi, asiyeweza anaweza kuomba asamehewe.

Nne, barua. Vyuo vingi hutaka barua za walimu waliomfundisha. Barua ya mchungaji inaweza kuongezwa, lakini haichukui nafasi ya mwalimu. Kuandika "ni mtoto mwenye adabu" hakutoshi. Iseme alichofanya, kwa mfano jinsi alivyowafundisha wadogo hesabu wakati mwalimu hayuko.

Tena, msingoje Exetat. Maombi mengi hufungwa mwanzoni mwa Januari, na majibu hutoka mwishoni mwa Machi. Mtoto aanze akiwa mwaka wa mwisho wa sekondari. Akikataliwa, bado ana wakati wa kujiandikisha ULPGL ya Goma au UEA ya Bukavu pamoja na wenzake. Kumbukeni kwamba aliyekwisha kuanza masomo ya chuo kikuu kwetu, vyuo vingi vya kule vinampokea kwa njia nyingine, ambayo mara nyingi ni nyembamba zaidi.

Na mtu akiwaambia, "Leteni dola 300, nafasi iko," mkimbieni. Hakuna chuo cha kweli kinachouza nafasi kwa simu.

Mtoto akijua hesabu hizi, aombe bila woga. Jibu likiwa hapana, asione amewaaibisha wazazi: katika kila 100, zaidi ya 95 hupata jibu hilohilo.