Kouakou: Gazeti la bure lililokuwa na bei yake

Wakazi wengi wa Bujumbura waliosoma shule miaka ya 1970 na 1980 bado wanalikumbuka Kouakou, gazeti la watoto lililochapishwa Ufaransa na kugawiwa bure katika nchi za Afrika zinazotumia Kifaransa. Katuni, hadithi na michezo yake ya kuchemsha bongo ilipita mikono mingi hadi kurasa zikachakaa.

Leo sifa zimechanganyika na maswali. Gharama ililipwa na serikali ya Ufaransa, na mtoto alicheza kwa Kifaransa. Alipokua akaenda kununua bidhaa Kigoma au Uvira, kilichomsaidia kupatana bei ni Kiswahili.

Burundi imo katika Jumuiya ya Afrika Mashariki tangu 2007. Watoto wa wafanyabiashara wake wanastahili gazeti la michezo kwa lugha ya sokoni.